Meli ya mizigo ikifungwa mzinga: hadithi zetu za vita vya anga zianzie Kigoma

Kuna kipande kwenye hadithi nyingi za vita vya anga za juu ambacho kinanikera kila nikikutana nacho. Vita imeanza ghafla, sayari haina manowari za kutosha kulinda misafara yake, basi serikali inakusanya meli za mizigo, mafundi wanafunga mizinga, wanapaka rangi ya kijivu, na kurasa mbili mbele ile meli iliyokuwa inabeba unga na mabomba inabanana na manowari halisi na kuishinda. Nalisema hili kwa sababu hizi hadithi nazipenda sana, na sahivi kuna vijana wa huku kwetu wanajaribu kuandika za kwao kwa Kiswahili, meli zinatoka Mirihi zinaenda miezi ya Mshtarii, nahodha ana jina la Kiha, injinia wake Mbembe, ni kazi nzuri mno na inastahili kusomwa, sasa sitaki turithi uvivu wa watu wengine wakati mfano wa kweli tunao hapa hapa bandarini.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Ukitaka meli ya raia isindikize wenzake vitani, ibadilishe kidogo iwezekanavyo, iache iendelee kubeba mzigo. Ukishaitoa kabisa kwenye kazi yake ukaigeuza manowari umepata manowari mbovu na umepoteza meli nzuri, yani hasara mara mbili.

Mfano wenyewe ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Watu wa Kigoma wengi tunajua ni meli ya Mjerumani ya zamani ila ile hadithi ya vita tunaipita juu juu. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye maboksi kama 5,000, ikaja mpaka Dar es Salaam kwa bahari na kutoka pale kwa Reli ya Kati ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914 tu. Walikuja nayo mafundi watatu wa kiwandani kuja kuiunga upya. Lengo lilikuwa abiria na mizigo ya ziwani, ila Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza kabla haijakamilika, kwahiyo ilipoingia majini tarehe 5 Februari 1915 tayari mipango ilikuwa imebadilika, na mzinga wake mkubwa wa sentimita 10.5 ulitoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915. Hebu fikiria njia ya huo mzinga, kutoka matope ya Rufiji mpaka Kigoma kwa reli, ili ufungwe kwenye meli ya abiria.

Sasa angalia ilichofanya. Waingereza walileta maboti mawili madogo yaliyopewa majina Mimi na Toutou, ya mita 12 hivi, yakapandishwa treni kutoka Afrika Kusini, yakavutwa milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe mpaka yakafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 yakaiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Kesho yake Götzen ikatokea kumtafuta mwenzake, na kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, akakataa kuishambulia, akaiangalia inapita. Meli ya abiria yenye mzinga wa kuazima ilikuwa inatawala Ziwa Tanganyika kwa kuwepo tu. Na muda mwingi ilikuwa inafanya nini? Inabeba. Askari kwa mamia, chakula, risasi, kati ya Kigoma na kule kusini Kasanga ambako wakati huo kulikuwa kunaitwa Bismarckburg. Hiyo ndo ilikuwa faida yake kubwa kwa Wajerumani, kwamba jeshi linahama upande mmoja wa ziwa kwenda mwingine ndani ya siku chache badala ya kutembea kwa miguu wiki kadhaa.

Alafu kuna kitu ambacho mwandishi yeyote wa hadithi angelipia hela kukipata. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, alihitaji mzinga nchi kavu, wakaung'oa kwenye Götzen na pale ulipokuwa wakaweka mzinga wa mbao. Na bado hakuna boti lililothubutu kuifuata. Kilichokuja kuisumbua ni ndege za Wabelgiji, zilizoanza kurusha mabomu Kigoma Juni 1916, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha kusini ya hapa karibu na mdomo wa Malagarasi, wale mafundi wakiwa wamepaka injini grisi nene ili siku moja ifufuke. Ikafufuka kweli, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Huo mzinga wa mbao nitaurudia, kwanza twende angani tupige hesabu, kwa sababu hadithi nyingi zinafeli hapa kwenye hesabu.

Chukua meli ya kubuni. Bodi lake na injini tani 2,000, mzigo tani 6,000, mafuta tani 8,000, jumla tani 16,000. Injini inatoa gesi kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, ni nyingi ila kwa hadithi ya miaka ya mbele sio uongo mkubwa. Kwa ile kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky ya 1903, meli hii ikichoma mafuta yote inaweza kubadili mwendo wake kwa kilomita kama 20.8 kwa sekunde. Sasa toa mzigo wote, funga silaha na vyuma vya kukinga tani 3,000. Uwezo unapanda mpaka kilomita 28 na ushee. Mwandishi anaona hiyo namba anafurahi, anasema unaona, imekuwa nyepesi, sasa ni manowari. Hapana. Uwezo wa kwenda mbali umeongezeka, ila kukwepa ni habari nyingine kabisa, kukwepa kunategemea nguvu ya injini kwa uzito ulionao saa hiyo, na injini ni ile ile.

Tuseme injini ya mizigo inasukuma kwa nguvu ya uzito wa tani 16, moja ya elfu ya uzito wa meli ikiwa imejaa, na injini za safari ndefu ndivyo zilivyo, zinasukuma taratibu kwa wiki nyingi. Ikiwa imejaa, ndani ya dakika moja inasogea mita 18 kutoka pale ambapo ingekuwa. Ukiipunguza mpaka tani 13,000 na silaha zake, inasogea mita 22. Umefanya kazi yote hiyo ya karakana, umepoteza tani 6,000 za chakula cha watu, na umepata mita 4 kwa dakika. Kama meli yenyewe ina urefu wa mita 150 basi kombora lililolenga katikati bado linaipata, tena vizuri. Ukipewa dakika 10 unafika kilomita 2, na hapo kombora lenye akili linasahihisha njia bila shida.

Joto nalo ndo usiseme. Watu wanafunga leza kama wanafunga taa. Leza ya megawati 10 yenye ufanisi wa asilimia 30 inakula megawati 33, na zile 23 zinazobaki ni joto ndani ya meli, angani hakuna upepo wala maji ya kupoza, joto linatoka kwa kung'aa tu kupitia rejeta. Rejeta za meli ya mizigo zilipimwa kwa injini yake, hazina nafasi ya ziada, kwahiyo ama unazima injini ili upige leza au unaongeza rejeta, na rejeta ni mabapa mapana membamba, vipande vya chuma vikipita hapo kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde umebaki na meli inayojipika yenyewe. Ningependa kusoma hadithi moja tu ambayo nahodha anataka kupiga na injinia anamwambia mkuu, tukipiga mara tatu zaidi hatuwezi kuwasha injini kwa saa mbili. Hapo kuna mchezo mkali kuliko milipuko yote.

Kwahiyo meli za raia hazina kazi vitani? Zinayo, tena kubwa, ila tuangalie msindikizaji anafanya nini hasa. Msindikizaji hamkimbizi adui. Adui ndo anaufuata msafara, kwa sababu mzigo upo pale, basi wewe kaa karibu na mzigo. Kwenye vita ya Atlantiki, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza walijaza bahari na korveti, meli ndogo za kusindikiza, za aina ya Flower, ambazo ramani yake ilitokana na meli ya kuwinda nyangumi, zilikuwa zinaenda noti 16 tu (noti ni kipimo cha mwendo wa meli) wakati nyambizi ya Kijerumani ya Type VII ikiwa juu ya maji inafika 17 na zaidi. Yani msindikizaji alikuwa na mwendo mdogo kuliko anayemzuia! Na bado zilifanya kazi, kwa sababu zilikuwa na masikio ya kusikia nyambizi chini na mabomu ya kuifanya izame isipande, na nyambizi iliyolazimishwa kukaa chini inaachwa nyuma na msafara.

Tofautisha na zile meli za abiria zilizopewa mizinga mikubwa na kuambiwa wewe sasa ni kruza, yani manowari kubwa. Tarehe 5 Novemba 1940 msafara HX 84 wenye meli 37 ulikuwa na mlinzi mmoja, Jervis Bay, meli ya abiria ya 1922 yenye mizinga ya zamani ya inchi 6, ikatokea manowari ya Kijerumani Admiral Scheer yenye mizinga ya inchi 11. Nahodha Fegen akawaambia wenzake watawanyike na yeye akageuza pua moja kwa moja kwa adui. Risasi zake hazikufika. Ndani ya nusu saa hivi imekwisha, watu karibu 190 wamekufa, na Scheer ikazamisha meli tano za msafara, zaidi ya 30 zikapona gizani. Meli ya mizigo ya Sweden, Stureholm, ikarudi usiku huo huo ikaokota manusura 65 wa Jervis Bay. Mimi kila nikisoma habari hii naheshimu sana wale watu, na kwa heshima hiyo hiyo nasema waliletwa pale bila kifaa cha kazi. Kilichookoa msafara ni muda, na muda unaweza kununuliwa kwa bei nafuu kuliko watu 190.

Jibu Waingereza walilipata baadae, na ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Kuanzia 1943 walichukua meli za nafaka na za mafuta, wakazifunga deki tambarare juu, wakaweka ndege tatu au nne za Swordfish za kusaka nyambizi, na chini ya deki meli ikaendelea kubeba nafaka au mafuta yake, karibu nne ya tano ya mzigo wa kawaida. Ya kwanza iliitwa Empire MacAlpine, zikawa 19 jumla. Ndani ya msafara mmoja una mlinzi ambaye pia analeta ngano.

Rudisha hiyo kwenye meli yetu ya tani 16,000. Toa mzigo tani 1,000 tu, weka pale, kwa uzito ule ule, darubini kubwa, droni, vyambo vya kudanganya makombora, na mafundi wa kuvitunza. Mzigo uliobaki ni tani 5,000. Uzito wa meli haujabadilika hata kilo, maana yake ratiba haibadiliki, inaondoka na wenzake, inafika na wenzake, inachoma mafuta yale yale. Na angani hili ni kubwa kuliko baharini, kwa sababu pale msafara ukishaondoka kwenye njia yake hauwezi kumsubiri mtu, meli yenye uzito tofauti na nguvu tofauti inaachwa au inamaliza mafuta ikijaribu kubaki na wenzake. Ni kama maboti ya mbao pale Kibirizi yanayovuka kwenda Kalemie kwa pamoja usiku, boti lenye mashine ngeni halisaidii kundi, linasumbua kundi.

Kingine, msafara wenye meli sita za namna hii zilizotawanyika kilomita 20,000 kati ya ya kwanza na ya mwisho ni jicho moja kubwa ajabu. Darubini moja inakuambia adui yupo upande gani, darubini mbili zilizo mbali mbali zinakuambia yupo umbali gani. Manowari moja nzuri haiwezi kukupa hicho kitu kwa sababu ipo sehemu moja. Meli za mizigo zina wingi, zina nafasi, zina subira, wape kazi inayotaka wingi na nafasi na subira.

Ila vyambo visisahaulike jamani. Tarehe 25 Mei 1982 kwenye vita ya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, Waingereza walikuwa wamegeuza meli ya kontena Atlantic Conveyor kubeba helikopta na ndege, ikafungwa deki haraka haraka lakini haikufungwa vifaa vya kudanganya makombora. Manowari zilizokuwa karibu zikarusha vyambo vyao, makombora ya Exocet yakapoteza shabaha ya kwanza, yakatafuta nyingine, yakaikuta yeye. Watu 12 wakafa, helikopta kubwa tatu za Chinook zikaungua, na askari waliotegemea kubebwa na hizo helikopta wakavuka kisiwa kwa miguu.

Sasa mzinga wa mbao. Kuna mtu ataniambia angani hauwezi kudanganya, na ana hoja nzuri. Injini ikiwaka inaonekana kutoka mbali sana, na ukipima mwanga wa gesi inayotoka na jinsi meli inavyoongeza mwendo unapata uzito wake. Meli uliyoijaza vyuma ukasema ni ya mizigo itajulikana, na puto ulilolipaka rangi ukasema ni manowari litajulikana pia. Lakini ile meli yetu iliyobadilishwa kidogo uzito wake ni ule ule wa wenzake! Adui anaona meli sita zinazofanana, kila moja ina makontena mia kadhaa, hajui kontena lipi lina droni na lipi lina unga. Huo ndo mzinga wa mbao wa angani, mashaka ya adui, tena kila kontena ni mzinga wa mbao.

Na hapo hapo ndo ninapoogopa, na naomba waandishi wetu waogope pamoja na mimi. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walikuwa na meli za mtego, zinaonekana za mizigo kabisa, nyambizi ikipanda juu kuzisimamisha kwa utaratibu mara ukuta unaanguka mzinga unatokea. Zilizamisha nyambizi kadhaa. Lakini nahodha wa nyambizi akishaona hivyo mara moja hatapanda tena kumuonya mtu, na meli za mizigo zenye silaha zilikuwa mojawapo ya sababu alizozitaja Mjerumani kupiga bila onyo, mpaka alipotangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 1917 chochote kinachoelea kwenye maeneo yale kinazamishwa. Waliolipa ni mabaharia wa kawaida.

Dunia ilishaliona tatizo kabla. Mkataba wa Hague wa 1907 una sehemu nzima juu ya kugeuza meli za biashara kuwa za vita, unasema meli hiyo lazima iwe chini ya mamlaka ya dola, ivae alama za nje za manowari za nchi yake, kamanda awe mtumishi wa dola, mabaharia wawe chini ya nidhamu ya kijeshi, na mabadiliko yatangazwe kwenye orodha. Mimi ningeenda na hilo hata huko Mshtarii. Ficha yaliyomo kwenye makontena yako utakavyo, ila meli yenyewe itangaze kwamba ni msindikizaji, isijifanye ya raia. Unapoteza ujanja kidogo, unalinda meli zote ambazo hazina kitu.

Kwanini nalishikilia hili? Kwa sababu ni Kigoma hii. Mwaka 1997 Liemba hiyo hiyo ilitumiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 Kongo, kati ya hapa na Uvira. Mei 2015 ikawa inakwenda Kagunga, kijiji cha mpakani ambako Warundi kwa makumi ya maelfu walikuwa wamejazana ufukweni huku kipindupindu kinaua, inawabeba kuwaleta mjini ili wapelekwe kambini Nyarugusu. Meli iliyojaa watu na magodoro na watoto, mchana kweupe ziwani, na hakuna aliyewaza kuipiga kwa sababu kila mtu alijua ni nini. Hiyo imani ni kitu cha thamani kuliko mzinga wowote, na meli moja ya mtego ingeimaliza kwa wiki moja. Hadithi ya anga yenye vita itakuwa na wakimbizi, haiwezi kukosa, na hao wakimbizi watapanda meli za mizigo zile zile. Mwandishi anayefunga mizinga ya siri kwenye kila meli ya raia ukurasa wa 30 ajue ameshawaua wakimbizi wake wa ukurasa wa 200.

Wamebaki mabaharia wenyewe, ambao kwenye hadithi huwa wanakubali tu kwa hotuba moja ya nahodha. Kiukweli mtu aliajiriwa kupeleka mzigo. Waingereza walitengeneza mkataba maalumu ulioitwa T.124, baharia wa biashara anabaki na mshahara wake wa kibiashara ila anakaa chini ya nidhamu ya jeshi la majini, na wengi walisaini. Kwa upande wa pili, mpaka 1941 baharia wa meli ya biashara iliyozamishwa mshahara wake ungeweza kukatwa kuanzia siku meli ilipozama, yeye akiwa kwenye boti la kuokolea anapiga kasia. Kwahiyo kabla meli haijang'oa nanga kwenda miezi ya Mshtarii nataka nione mpishi, fundi wa rejeta na yule dada wa kuhesabu makontena wamekaa kwenye chumba cha kulia na karatasi mbele yao, wanauliza wakikamatwa watahesabiwa askari au raia, familia zitalipwa na nani, na anayekataa kusaini anashukia wapi. Na mmoja wao akatae kweli, ashuke, na meli iondoke bila fundi wake mzuri wa rejeta.